Kadi ya Chakula na Uso wa Mnunuzi

Katika maduka ya Marekani hutokea jambo dogo ambalo aghalabu halizidi dakika moja. Mnunuzi amekwisha kuweka mkate, maziwa, mchele na maharage mbele ya mpokea fedha. Anatoa kadi ya msaada wa chakula aliyopewa na jimbo lake. Mwuzaji anaitazama kadi, anamtazama aliyeishika, kisha anataka kitambulisho. Nyuma yake watu wamepanga mstari, nao wanasikia. Je, mwuzaji ana haki ya kutaka kitambulisho hicho? Na asipoonyeshwa, ana haki ya kukataa kuuza?

Swali hili laonekana kuwa la dukani, si la chuoni. Lakini ndani yake limo swali lililo kubwa zaidi: kitu kilichomo mkononi mwa maskini ni fedha au ni ruhusa? Fedha haiulizi jina la mwenye kuitumia. Atoaye noti ya dola kumi hupewa bidhaa na chenji yake, akaenda zake. Ruhusa huuliza jina, maana hupewa mtu fulani, kwa jambo fulani, kwa sharti fulani. Msaada wa chakula Marekani tangu mwaka wa 1939 umekuwa kitu kilicho baina ya fedha na ruhusa, kikivutwa huku na huku. Na kila kilipovutwa, mnunuzi alivutwa pamoja nacho. Kwa ajili hiyo jibu la swali la dukani halieleweki vema bila ya kuifuata historia hiyo hatua kwa hatua.

Mwanzo wake haukuwa huruma peke yake. Katika miaka ya 1930 nchi ile ilikuwa na misiba miwili iliyokaa pamoja bila ya kuondoleana. Mashambani yalikuwako mazao yasiyopata wanunuzi. Mijini walikuwako mamilioni ya watu wasio na kazi, waliokuwa na njaa ya mazao yale yale na hawakuwa na fedha ya kuyanunua. Katika Wizara ya Kilimo, chini ya Waziri Henry Wallace, ilitungwa njia ya kuiunganisha misiba hiyo ili mmoja uwe dawa ya mwingine, na msimamizi wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa Milo Perkins. Tarehe 16 Mei 1939, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, stempu za chakula zilianza kutolewa.

Stempu hizo zilikuwa za rangi mbili. Mtu aliyekuwa akipata msaada wa serikali aliweza kununua stempu za rangi ya machungwa kwa kadiri ya fedha ambayo kwa desturi angaliitumia kwa chakula. Kwa kila dola 1 ya stempu hizo alipewa bure stempu za buluu zenye thamani ya senti 50. Zile za rangi ya machungwa zilinunua chakula cho chote. Zile za buluu zilinunua vitu vile tu ambavyo Wizara ilikuwa imevitangaza kuwa ni ziada. Mpango huu ulidumu mpaka mwaka wa 1943, na kwa nyakati mbalimbali uliwafikia watu wapatao milioni 20. Ulikoma kwa sababu vita vilikuwa vimemeza vyote viwili vilivyouzaa: ziada ya mazao na ukosefu wa kazi.

Katika jaribio hilo la kwanza tabia ya msaada huu ilikwisha kuonekana. Stempu ilipita dukani kama fedha, kwa bei ile ile na katika duka lile lile la watu wote. Haikumpeleka maskini kwenye ghala la sadaka kupokea kilichokuwapo. Hilo lilikuwa jambo la heshima. Lakini stempu ilikuwa na rangi, na rangi ilisema. Ye yote aliyesimama karibu alijua kuwa huyu hanunui kwa fedha yake. Tangu siku ile mnunuzi alipewa uhuru wa kuchagua kwa mkono mmoja, na alama ya umaskini kwa mkono wa pili.

Miaka kumi na minane ilipita kabla ya stempu kurudi. Mwaka wa 1961 Rais John F. Kennedy aliagiza majaribio mapya, na tarehe 29 Mei mwaka huo stempu za kwanza za majaribio hayo zilinunuliwa katika wilaya ya McDowell, West Virginia, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe ambako mashine zilikuwa zimechukua kazi za wachimbaji wengi. Tarehe 31 Agosti 1964 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Stempu za Chakula, na jaribio likawa kazi ya kudumu ya serikali. Hata hivyo watu wa nyumba moja walitakiwa bado kutoa fedha kwanza, kwa kadiri ya pato lao, ndipo wapewe stempu zenye thamani iliyozidi kile walichotoa. Mtu asiyekuwa na senti hata moja aliukosa msaada kwa sababu ile ile iliyomfanya auhitaji. Kosa hilo lilisahihishwa kwa sheria ya mwaka wa 1977, na tangu tarehe 1 Januari 1979 stempu zilitolewa pasipo malipo.

Wakati huo wa vitabu vya stempu ndipo kitambulisho kilipopata mahali pake dukani. Stempu haikuwa na njia ya kumjua mwenyewe. Ikianguka njiani, mwokotaji aliweza kuitumia. Ikiibwa, mwizi aliweza kuitumia. Na mwenye shida ya kodi ya nyumba au ya dawa aliweza kuiuza kwa pungufu ya thamani yake. Stempu ziliuzwa na kununuliwa kwa siri, na wapo wenye maduka waliotajirika kwa biashara hiyo. Hofu ya serikali, kwa hiyo, haikuwa hofu ya bure. Ndiyo sababu kila nyumba ilipewa cheti cha utambulisho pamoja na vitabu vyake. Mnunuzi alipaswa kukionyesha pindi mwuzaji alipokitaka, na stempu zilipaswa kukatwa kutoka kitabuni mbele ya macho ya mpokea fedha. Kila sharti katika hayo lilikuwa na hoja yake. Yote kwa jumla yaliyafanya malipo ya mkate kuwa shughuli ya wazi, ya polepole, yenye mashahidi.

Lakini cheti hicho kilikuwa cha nani? Hapa pana nukta ambayo wengi huipita, nayo ndiyo shina la hoja. Msaada wa chakula Marekani haupewi mtu mmoja mmoja. Hupewa nyumba, yaani watu wakaao pamoja, wanunuao chakula pamoja na kupika pamoja. Wanaokula chungu kimoja ndio nyumba mbele ya sheria. Mwaka wa 1971 Kongresi ilijaribu kuibana maana hiyo kwa kuwanyima stempu watu wakaao pamoja bila ya kuwa na udugu. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi, likajulikana kwa jina la Wizara ya Kilimo dhidi ya Moreno. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mwanamke wa miaka 56 mwenye ugonjwa wa kisukari, aliyekaa na mama mwingine na watoto watatu wa mama huyo. Waligawana gharama za maisha, na yule mama alimwuguza. Kwa sheria ile mpya, wema huo ungaliwakosesha chakula wote. Mwaka wa 1973 Mahakama iliitangua, ikasema kuwa nia tupu ya kulidhuru kundi la watu wasiopendwa haiwezi kuhesabiwa kuwa haja halali ya serikali.

Shauri lile halikuhusu vitambulisho. Lakini lilithibitisha kuwa nyumba hutambulikana kwa kushirikiana chakula. Na ikiwa msaada ni wa nyumba, basi wenye haki ya kuupeleka dukani ni wengi: mume, mke, kijana aliyetumwa na bibi yake, tena hata jirani aliyewakilishwa na mgonjwa asiyeweza kutoka. Uso mmoja hauwezi kuwa ufunguo wa haki ya nyumba nzima. Mwuzaji atakaye jina la aliyesimama mbele yake lilingane na jina lililoandikwa ameigeuza haki ya nyumba kuwa haki ya mtu mmoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mashine. Mwaka wa 1984, katika mji wa Reading, Pennsylvania, lilianza jaribio la kutoa msaada kwa kadi badala ya karatasi. Sheria ya mwaka wa 1996, ile iliyobadili mambo mengi ya msaada wa umma, iliyataka majimbo yote yatumie kadi kabla ya mwezi wa Oktoba 2002. Na kufikia mwaka wa 2004 kazi hiyo ilikuwa imekamilika nchi nzima. Tarehe 1 Oktoba 2008 hata jina la stempu liliondolewa, mpango ukaitwa Mpango wa Nyongeza wa Msaada wa Lishe. Katika mwaka wa fedha wa 2024 ulikuwa ukiwahudumia watu wapatao milioni 41 kila mwezi, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanane.

Kadi ilileta shahidi mpya. Mnunuzi huipitisha katika mashine, kisha hubonyeza namba ya siri yenye tarakimu nne. Mashine huuliza hesabu iliyo mbali. Namba ikiwa sahihi na salio likitosha, malipo hukubaliwa. Jambo ambalo cheti cha karatasi kilikuwa kikijaribu kulithibitisha kwa jina, namba hulithibitisha kwa maarifa: anayeijua ameaminiwa na wenye nyumba. Bibi humpa mjukuu wake kadi na namba, naye huenda dukani bila ya kueleza ukoo wake kwa mtu. Tena kadi hupita katika mashine ile ile wanayoitumia wanunuzi wengine wenye kadi za benki. Kwa mara ya kwanza tangu siku za Rochester, alama ya umaskini ilififia.

Kanuni za serikali nazo ziliambatana na maana hiyo. Zinataka mpokeaji wa msaada auziwe kwa bei ile ile na kwa masharti yale yale wanayouziwa wengine, wala asitengwe kwa namna yo yote. Duka haliwezi kumwekea mstari wake peke yake, wala saa yake peke yake, wala sharti lake peke yake. Hapo jibu la swali la mwanzo lilikuwa limekwisha kuchimbiwa msingi. Lakini sheria ile ile ya mwaka wa 1996 iliacha mlango mmoja wazi: iliyaruhusu majimbo, yakitaka, kuchapa picha ya mtu juu ya kadi.

Massachusetts, ambayo iliwahi kuzitumia picha na kuziacha, ilizirudisha mwaka wa 2013. Maine ikafuata mwaka wa 2014. Watetezi wa jambo hilo walikuwa na hoja ambayo haifai kudharauliwa. Walisema kuwa fedha hii ni ya umma. Kwamba mlipa kodi ana haki ya kujua inamfikia aliyekusudiwa. Na kwamba raia huonyesha kitambulisho katika mambo mengi, wala haoni kuwa ametukanwa. Kama picha itamzuia mwizi mmoja, walisema, imefanya kazi yake.

Vitendo vilionyesha udhaifu wa hoja hiyo. Huko Massachusetts wazee, walemavu, vijana wadogo na watu waliodhulumiwa majumbani walisamehewa sharti la picha, kwa hiyo kadi tupu na kadi yenye picha zilikuwa halali sawasawa. Kadi yenye picha nayo ilibeba uso wa mtu mmoja, ilhali waliokuwa na haki ya kuitumia walikuwa nyumba nzima. Wauzaji wengine, kwa kutoijua kanuni, waliwarudisha wenye haki. Wizara ya Kilimo iliyaonya majimbo hayo, kisha mwezi wa Desemba 2016 ikatoa kanuni kamili. Hizo zasema wazi kuwa aletaye kadi si lazima awe ndiye mwenye picha iliyo juu yake, wala jina lake si lazima lilingane na jina lililoandikwa, maadamu namba ya siri imetumika kukamilisha malipo.

Basi jibu la kisheria ni hili. Duka haliwezi kuweka sharti la kitambulisho kwa wenye kadi za chakula peke yao. Likiwa na desturi ya kuwataka wanunuzi wote kitambulisho, mwenye kadi ya chakula hawezi kudai upendeleo. Lakini likiwauliza wachache kwa sababu ya kadi waliyoishika, limevunja kanuni ya usawa. Anunuaye pombe kwa fedha yake aweza kuulizwa umri kama watu wote, kwani pombe hainunuliwi kwa kadi ya chakula hata kidogo. Na picha iliyochapwa na jimbo haimpi mwuzaji mamlaka ya kumkataa aliyetumwa.

Je, usawa huo umefungua mlango wa wizi? Hapana budi kutofautisha aina za wizi. Ule wa kale, wa kuuza msaada kwa fedha taslimu, aghalabu hufanyika kwa mwenye duka kushiriki, maana mashine ni yake na fedha inayotolewa ni yake. Mwuzaji wa namna hiyo hatauliza kitambulisho, hata sheria ikimwamuru mara mia. Sharti la picha, kwa hiyo, litamkuta mwuzaji mwaminifu na mnunuzi mwaminifu, nalo litawapita wale wawili waliokubaliana kuiba. Dawa ya wizi huo imekuwa kuchunguza hesabu za malipo na kuliondolea duka idhini ya kupokea kadi.

Wizi wa pili ni mpya, nao ni wa kuhuzunisha zaidi. Wezi huweka juu ya mashine ya malipo kifaa kinachonakili utepe wa sumaku wa kadi na kuishika namba ya siri inapobonyezwa. Kisha hutengeneza kadi ya bandia na kuutumia msaada wa mwezi mzima, pengine mbali na mji wa mwenyewe. Mama hufika dukani na kadi yake halisi, namba yake sahihi na uso wake mwenyewe, akaambiwa hakuna salio. Wizi huu ulienea hata Kongresi ikaruhusu waliodhulumiwa walipwe kwa fedha ya shirikisho kwa hasara za tangu tarehe 1 Oktoba 2022. Ruhusa hiyo ilikoma tarehe 20 Desemba 2024. Hapo mtu aweza kusema kuwa kitambulisho kingemnasa mwenye kadi ya bandia. Pengine kingemnasa mmoja asiye stadi. Lakini gharama yake ingekuwa kuwazuia mamilioni ya wajumbe wa halali, na ugonjwa uliomo katika utepe ungebaki pale pale. Kadi za benki zilikwisha kupewa chembe ya kielektroniki isiyonakilika kwa urahisi, wakati kadi za maskini zikiachwa na utepe wa zamani. Jimbo la California lilianza kutoa kadi za chakula zenye chembe hiyo mwaka wa 2025. Hatua kama hiyo huirekebisha kadi, haimtilii shaka mwenye kuishika.

Wamo Waswahilisha wengi wanaolijua jambo hili kwa miili yao. Wakimbizi wa Kongo na Burundi waliohamishiwa Marekani walitoka katika kambi kama Nyarugusu nchini Tanzania na Kakuma nchini Kenya, ambako chakula chenyewe kilikuwa mgawo. Huko Kakuma na Dadaab, tangu mwaka wa 2013, alama za vidole zilitumika kumthibitisha aliyekuja kupokea posho. Pale mwenye kugawa na mwenye kuthibitisha walikuwa upande mmoja wa meza, na kuthibitisha kulikuwa sehemu ya kugawa. Duka la Marekani ni kitu kingine. Aliye nyuma ya meza ni mfanyabiashara. Hakutoa msaada ule, wala hakuchunguza pato la nyumba ile, wala hajui wangapi wanakula chungu kimoja. Kazi hiyo imekwisha kufanywa katika ofisi ya jimbo, ambako mwombaji alithibitisha jina lake, makao yake, pato lake na hali yake ya uraia.

Na ofisi hiyo si mlango mwepesi. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 iliwaondolea wakimbizi haki ya msaada huu mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mtu aweza kuikubali sheria hiyo au kuilaumu. Lakini inaonyesha wazi kwamba swali la nani astahili huamuliwa na Kongresi na kutekelezwa ofisini, mahali palipo na kanuni, kumbukumbu na haki ya kukata rufani. Mpokea fedha hana lo lote katika hayo. Akimkataa mtu, hakuna hati iliyoandikwa, hakuna sababu iliyotolewa, na rufani ya mwenye njaa ni kwenda duka jingine kwa miguu.

Historia yote ya stempu na kadi yaelekea kufundisha jambo hili: shaka ni halali, lakini ina mahali pake. Serikali itoayo fedha ya umma ina wajibu wa kuuliza, nayo huuliza mlangoni. Haki ikiisha kutolewa, iliyobaki ni biashara: bei imesomwa, namba imekubaliwa, chakula kimetiwa mfukoni. Wamarekani walitumia miaka sitini na mitano, toka stempu za Rochester mpaka kadi iliyoenea nchi nzima, kuyafanya malipo ya maskini yafanane na malipo ya jirani yake. Kila dukani kitambulisho kinapotakwa kwa mwenye kadi ya chakula peke yake, mfanano huo huvunjika, na stempu ya rangi hurudi kwa jina jingine.